Mkwe Aliyeitwa Kufasiri

Kwa jina la Mola asikiaye kila ulimi bila mkalimani. Maalim Sudi, Jeruto amenisimulia sasa hivi, nami nakuandikia papo hapo.

Unamjua Jeruto, muuguzi wa makao ya wazee hapa Shieywe, mzaliwa wa Lumakanda. Bibi Ayuma wa Malinya, ajuaye Kiidakho tu, lugha asiyoijua Jeruto, ana siku tatu hagusi chakula. Risper aliyekuwa akimfasiria ameacha kazi. Daktari alipofika leo, Jeruto akampigia simu jamaa pekee aliyeandikwa kwenye faili, Philemon.

Philemon ni mkwewe, Maalim! Mume wa marehemu bintiye!

Akasimama mlangoni, uso ameuelekeza ukutani, akauliza maumivu yako wapi. Bibi akajifunika leso gubigubi.

"Anasema hana shida," Philemon akamwambia daktari.

"Hana shida? Si amelia tangu asubuhi!"

"Sista, huyu ni mama mkwe wangu. Kwa mila zetu, hata hapa sifai kusimama. Kama ni mahali pa siri, ataniambiaje mimi?"

Hana shida! Ndivyo daktari alivyoandika, hana shida, akaenda zake.

Philemon alipoondoka, Bibi alifunua uso, akaishika mikono yote miwili ya Jeruto, akamweleza yote. Yote, Maalim! Kwa utulivu, kama amwelezaye bintiye. Jeruto aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka, asiambulie hata neno moja.

Mola awarehemu hao wawili waliobaki chumbani, aliyekwisha kusema na asiyeelewa.