Sahihi ya Simiyu

Jumatano, Kitale

Bado hasira haijaniisha. Leo mwenye ndege alimfuata mume wangu Simiyu, rubani wake, hospitalini Bungoma, karatasi mkononi. Ati Simiyu aweke sahihi kwamba aliruka kwenye ukungu kwa hiari yake mwenyewe, ndege ikagonga Mlima Elgon.

Si nilikuwepo asubuhi ile! Simiyu alimwambia kwa simu, "Bosi, mlima hauonekani." Akajibiwa, "Ruka, ama utafute kazi kwingine."

Nilimwambia huyo mzee atoke. Simiyu akanizuia. "Mama Neema, nikikataa, nani ataniandika tena?"

Mkono wake wa kulia umevunjika. Akatia sahihi kwa wa kushoto.

Abiria wake anazikwa kesho Kimilili. Mjane wa huyo abiria nitamwangalia kwa macho gani?