Lebo za Chumba cha Nyuma

Alhamisi, 8 Machi 1984

Wametukataa. Barua imekuja leo saa nne asubuhi, karatasi moja tu. Eti hakuna ushahidi kwamba nguo kutoka nchi za nje ndizo zilizotunyang'anya kazi. Eti kiwanda kilipungukiwa na wateja, basi. Miaka ishirini na tisa nimeshona blauzi pale, leo naambiwa nimefukuzwa na upepo!

Sheria yenyewe inasema wazi: aliyepoteza kazi kwa sababu ya nguo za kutoka nje, serikali itampa posho na kumlipia masomo. Nami nimeshakubaliwa chuo cha wauguzi wasaidizi. Miaka hamsini na miwili na nimekubaliwa! Masomo yanaanza tarehe 9 Aprili. Bila msaada huo siendi. Vumbi la makaa limekimaliza kifua cha Emil, mgodini harudi tena, na ada hatuna.

Emil akasema, kati ya kikohozi na kikohozi, "Kata rufaa, Pavlina." Nikamwambia anyamaze anywe dawa. Kisha nikaenda kulia bafuni.

Ijumaa, 9 Machi

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, kwa hiyo wote tuko ukumbi wa chini ya kanisa, tunafinya pirohi za kuuza, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani. Viazi kwa ndoo. Wanawake wa kiwandani tulikuwa meza moja, mikono kwenye unga, kila mmoja na barua yake mkobani.

Regina ndiye aliyelipua. "Ushahidi wanautaka? Si tuwaambie ya chumba cha nyuma!"

Mmoja akamrukia: "We Regina, funga domo hilo. Unataka tukale pirohi za jela?"

Hapa naandika, kwa sababu hakuna anayesoma. Tangu Oktoba yalikuwa yakija maboksi ya blauzi zilizokwisha kushonwa, kutoka ng'ambo. Watano wetu tukawekwa chumba cha nyuma. Fumua lebo ya kule, shona lebo yetu inayosema imetengenezwa Marekani. Tulijua maana yake. Mimi nilijua! Nikajiambia kazi ni kazi. Ilipofika Krismasi mashine za mbele zikaanza kunyamaza, na bado tukafumua.

Aliyetupa amri ni Verona, msimamizi wetu. Wifi yangu, dada yake Emil. Leo alikuwa jikoni palepale, anakaanga vitunguu. Alisikia kila neno. Hakugeuka.

Jumapili, 11 Machi

Verona kaja baada ya misa, na keki ya karanga mkononi. Sijawahi kumwona anabembeleza mtu.

"Wifi, ukisema mambo ya lebo, bosi atasema hakujua. Nitashikwa mimi."

"Na wewe ulijua?"

"Tulijua sote. Ila mikono ilikuwa yako, si yangu."

Emil akainuka kwenye kiti, hata sijui nguvu alizitoa wapi. "Verona, toka." Na huyu dada ndiye aliyemlea Emil baada ya mama yao kufa! Akatoka, na keki yake akaichukua. Sijui kwa nini hilo la keki limeniuma kuliko mengine.

Jumatatu, 19 Machi

Nimekata rufaa, maelezo yangu nimeyatia sahihi. Nimeeleza yote, na jina la Verona nimeliandika. Regina naye katia yake. Wale watatu wengine wa chumba cha nyuma wamekataa, na mmoja hanisalimii tena.

Sina amani. Lakini ningenyamaza, Verona angebaki na heshima yake, na mimi ningebaki na nini?

Jumatatu, 26 Machi

Regina amejitoa. Mwanawe kapewa kazi kwenye ghala la bosi. Amenipigia simu analia. Simlaumu.

Uongo. Namlaumu sana.

Alhamisi, 29 Machi

Bwana wa serikali anayechunguza rufaa yangu yuko hapa nyumbani. Kijana mpole, tai imempinda. Kaniuliza nina lebo hata moja ya zile za ng'ambo. Sina! Verona alikuwa akizichoma kila jioni.

Basi akatoa blauzi tatu zenye lebo yetu, kazinunua dukani, na kioo cha kukuzia. Kitambaa kile ni laini, sindano ikipita tundu halizibi. Lebo ikishonwa mara mbili, matundu ya kwanza yanabaki pembeni, yanaonekana. Blauzi moja tu ya Regina ingetosha! Kazi yake ilikuwa ovyo, kila siku anarudishiwa.

Zote tatu ni za mkono wangu. Nilizijua kabla hajamaliza kuzikunjua.

Mimi sikuwa nakanyaga mashine pale kwenye lebo. Nilikuwa nazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, sindano ishuke kwenye tundu lile lile la mwanzo. Hakuna aliyeniagiza. Sipendi tu kazi chafu.

Akatazama na kioo chake mpaka kahawa ikapoa. "Mama, nasikitika. Hizi zimeshonwa mara moja tu. Hakuna mtu anayeweza kushona mara mbili hivi."

Na mimi — Mungu anisamehe — nikaona fahari. Masomo yanaponyoka, Verona nimeshamchongea bure, na mimi nimekaa jikoni kwangu naona fahari!

Nikamwambia, "Yupo anayeweza. Nipe moja niifumue lebo, niishone tena mbele ya macho yako."

Akasita. Akasema hana ruhusa ya kuharibu ushahidi, labda moja tu, na hata hiyo mpaka amuulize mkubwa wake. Na nikikosea hata tundu moja, ataandika hivyo hivyo alivyoona, kwamba zimeshonwa mara moja.

Sasa yuko ukumbini kwenye simu. Emil kafunga mlango wa chumbani ili kikohozi kisinisumbue. Mashine yangu ya nyumbani nimeifunua. Nasikia, "Ndiyo, bwana. Moja tu. Ndiyo, bwana." Anaweka simu chini.

Uzi nimeshautunga kwenye sindano. Imenichukua mara nne.