Vifaranga Wanaokimbia Jiko

Ochieng, omera,

Rafiki yangu, tangu tukuzike kule Homa Bay kuna jambo limenichanganya, na wewe ndiye uliyezoea kunifafanulia mambo ya aina hii.

Ni lile jukwaa la wafugaji mtandaoni, ulikokuwa ukijibu maswali kila jioni baada ya chai. Jibu lako kuhusu vifaranga wanaokufa kwa baridi bado lipo, na jina lako juu yake. Chini yake mama mmoja wa Sori ameuliza: "Niliweka jiko la makaa kama ulivyosema. Sasa wanalikimbia, wanajibana ukutani midomo wazi. Nimekosea wapi?" Aliuliza vizuri, Ochieng. Alisema alichofanya na alichokiona, akaishia hapo. Swali la nyongeza huwa hivyo: likihusu jibu lilelile, linakaa chini yake, fupi; likiwa jambo jipya, linafunguliwa ukurasa wake. Hayo ulinifundisha wewe.

Lakini alikuwa akikusubiri wewe. Akauliza tena. Mtu mwingine akadakia kwa kejeli: "Hao wataalamu wa simu, ukiwabana wanatoroka." Nilikasirika. Wewe, utoroke?

Kwetu habari ya msiba hutangulia mengine yote. Kwa hiyo niliandika pale, kwa salamu kamili, nikiulizia hali ya watu wa nyumbani kwa yule mama, kwamba mwenye jibu ametutoka. Msimamizi akafuta. "Mzee, hapa ni pa kuulizia ufafanuzi wa jibu. Hii haihusiani." Nikadhani salamu ndizo zilizoniponza, maana ulikuwa ukinitania, "Mwalimu, salamu ziache mlangoni, huku watu wana haraka." Nikaandika upya, mstari mmoja tu. Mstari huo nao ukafutwa. Mpaka leo sielewi. Sababu ya kanuni naielewa: atakayekuja mwakani kutafuta msaada wa vifaranga asilazimike kupita kwanza katikati ya matanga. Lakini mtu anaulizwa, hayupo, na kusema hayupo ni kosa?

Na vifaranga walikuwa wakifa huku sisi tukifutana.

Ndipo nilipokumbuka siku ile kwangu Awendo, ulipopiga magoti mbele ya boksi langu, ukawatazama vifaranga, kisha ukaangua kicheko: "Mwalimu, unawapika!" Ukasogeza jiko pembeni, ukafungua dirisha hewa ipite, ukanieleza: wakirundikana ni baridi, wakikimbia ni joto, wakitawanyika na kula wako sawa. Nikamwandikia yule mama hayohayo, bila salamu, bila msiba. Hayo hayakufutwa.

Kesho yake akajibu: "Asante. Wametulia. Umwambie na yule mwenye jibu la kwanza. Nilidhani nimemuudhi."

Nimekaa na simu mkononi; kumwambia kuwa umetutoka, pale hawaniruhusu. Nikasema heri nifanye alichoniomba, nikuandikie wewe.

Basi kwaheri, omera. Nitakuwa nikipita chini ya majibu yako, na anayekuuliza hataachwa akisubiri; nisichokijua nitakitafuta. Pumzika.

Yule mama wa Sori anasema asante. Vifaranga wametulia. Na mimi nimeamua kukujibia hili moja: hakukuudhi.

Mwalimu wako wa Awendo