Baba Mkwe na Kanda za Kijahai

DeSoto, Texas

Mama yangu, shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na baridi ya Tukuyu imepungua? Sisi wazima, ila mimi situlii. Barua hii nimeianza mara tatu. Nainuka, nafungua friji bila kutaka kitu, narudi.

Nilikwambia chuoni wamenipa kazi ya kusikiliza kanda za lugha za watu wa misitu ya Malesia. Ni lugha chache zenye undugu, zinaitwa za Kiaslia, na wanaozisema ni wachache mno. Mimi nimepewa Kijahai. Sikielewi, nafuata tafsiri na kuandika nani anasema wapi. Kwenye kanda moja bibi anaiambia sufuria kwamba kuni zimekwisha. Nikaandika: anaongea peke yake, labda uzee. Profesa akanisahihisha kwa upole, kwamba mume wa binti yake alikuwemo kibandani, na kwao mama mkwe hamsemeshi mkwewe. Mama, niliona haya. Mimi Mnyakyusa, niliyekuona ukijificha migombani kila baba yake baba alipopita.

Basi, baba mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita, kaja kutibiwa moyo. Hatujasemeshana, kama mila yetu inavyotaka. Namtengea chakula, natoka. Daktari anataka kumpasua, na kila mume wangu Lusajo akimwuliza, mzee ananyamaza. Jumanne ilikuwa siku ya kutoa jibu, na Lusajo akasema kule ghalani anakofanya kazi hana off. Ikabidi nimpeleke mimi.

Alikaa kiti cha nyuma, uso dirishani. Kwenye foleni ya barabara kuu ya I-35 nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Usukani, mwulize mzee kama anakubali kupasuliwa. Daktari anangoja."

Nikajuta papo hapo. Kisha akaliambia dirisha, "Mwambie mama huyo nakubali. Ila mwanangu asijue kwamba naogopa."

Lusajo ananiuliza kila siku mzee alisemaje. Namjibu alikubali, basi. Inanichoma, Mama.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi aliyenilea. Mwambie kitenge chake nakivaa hadi madukani.

Wewe uliishi na mkweo miaka yote ile bila kumsogelea. Niambie, Ijumaa wakimsukuma kumwingiza chumba cha upasuaji, na Lusajo yuko kazini, nimshike mkono? Najua hii itakufikia Ijumaa imeshapita. Nakuuliza hivyo hivyo, maana nimeshaamua kumshika.

Mwanao,
Atupele