Kuijaribu Programu Mpaka Mnada Ufungwe

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Tangu tukuzike, kijiji chetu cha Susuni kimetulia kupita kiasi. Hata yule jirani mliyekuwa mkigombania naye mpaka wa shamba siku hizi ananisalimia kwa upole, jambo linalonitia wasiwasi.

Mama ameamua kumuuza maksai wako mweusi. Anasema mnyama hakubali kuongozwa na mtu mwingine. Nadhani asiyekubali ni Mama. Atampeleka mnadani, na vibali vya kuuza sasa vitatolewa kwa simu, kupitia programu tunayoitengeneza hapa Tarime mjini. Ndiyo, ile kazi yangu uliyokuwa ukiiita "kukaa".

Kabla ya kuifungua kwa wauzaji lazima tuijaribu. Kompyuta inajifanya umati wa wauzaji, wote wanaomba vibali kwa pamoja, tuone kama programu itahimili. Ubishi ukawa, tuijaribu kwa muda gani? Bosi, ambaye ni mdogo kwangu, akasema, "Kaka, dakika kumi zinatosha, tusizeekee hapa."

Nikakukumbuka ukinunua maksai. Hukutoa pesa kabla hajavuta plau, ukisema: "Mistari ya kwanza kila ng'ombe ni hodari. Ngoja jua limkae shingoni." Siku moja ulimlimisha ng'ombe wa watu mpaka mwenyewe akalalamika, "Mzee, unanunua au unalimiwa?" Nawe, bila kugeuka: "Vyote." Mwaka ule tulipanda mtama mapema kuliko wote.

Basi nikaomba jaribio la siku nzima, tangu mnada unapofunguliwa hadi unapofungwa. Bosi akakubali shingo upande. Asubuhi programu ilikwenda vizuri mno, akawa ananitazama kwa huruma. Baada ya chakula cha mchana ikaanza kuburuta miguu, kisha ikalala kabisa. Kumbe kila aliyepata kibali na kuondoka, yenyewe iliendelea kumshikilia, mpaka ikakosa nafasi ya waliopo.

Sikuweza kuicheka, Tata. Namba yako ya simu bado ... sijaifuta.

Tumeirekebisha. Ninapokuandikia inajaribiwa upya, na safari hii bosi ndiye anayekataza watu kuigusa.

Pumzika, Tata. Nakuahidi haitafunguliwa mpaka imalize siku nzima bila kuyumba, hata wakubwa wakinuna. Mama hatakwama pale foleni nzima ikimtazama. Nami nitasimama karibu yake, maana kibali kikishatoka, itabidi aiachie kamba ya maksai wako.

Mwanao.