Goti la Neema pale Mkiwa

Jumamosi.

Naomba radhi kwa kunyamaza muda mrefu. Tangu kikao cha wazazi cha Jumatatu kitangazwe, nawaza jambo moja litakalopigiwa kura: somo la Kifaransa liendelee shuleni au lifutwe.

Mwanangu Elia anataka lifutwe. “Baba, Kifaransa kitapalilia alizeti?”

Leo nilikuwa naye Mkiwa, njia panda, tukiuza mafuta ya alizeti. Lori la Kongo likasimama. Dereva, mtu mzima, alionyesha madumu kwa kidole tu. Mjukuu wangu Neema, binti wa Elia, anayesoma somo hilo, akamsalimu kwa Kifaransa. Na kwa kuwa hakupata shikamoo katika lugha hiyo, akapiga goti. Dereva naye akainama haraka, akidhani binti ameangusha kitu.

Tulicheka wote. Kisha Neema na dereva wakazungumza, nami nikasikiliza bila kuelewa, kama mtu asikiaye mvua ikinyesha kijiji cha pili. Bado naisikia.

“Babu, anasema unafanana na baba yake.”

Wakati wa kurudi, Elia alimnong’oneza bintiye: “Hivi, ‘baba’ wanasemaje?”

Hajaniambia atapigaje kura. Jumatatu wakishaamua, nitaandika.