Urefu wa Kijiti cha Kiberiti

Jumapili, 2 Machi 2003
Bunduki imekwama tena! Mara tatu, mbele ya klabu nzima ya shabaha. Mimi, fundi wa bunduki wa Idara ya Wanyama pale Voi, miaka kumi na minane! Douglas, msimamizi wa klabu, kanivuta kando. Ati ikikwama kwenye mashindano tarehe 16, natoka timu, nafasi ni ya Avtar. Huyu Avtar, Singasinga wa Nairobi, jirani yangu hapa Wembley, anacheka tu, ati: Mzee, risasi yako ndefu kama shingo ya twiga!
Risasi nazijaza mwenyewe: ganda, baruti, kichwa. Ndefu ndiyo inalenga. Voi tulifanya hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Avtar kaleta kalipa ya kupimia, na kitabu. Herufi kama sisimizi! Nimemrudishia vyote. Anasema bunduki za Voi zilikuwa za komeo, mlango wa risasi mrefu. Hii ya leva, mkono wa kuvuta chini, mlango mfupi, risasi inapandishwa na kijiko cha chuma ndani. Kijiko! Anamfundisha nani?

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaribu jikoni, risasi bubu, bila baruti. Ndefu — zinagonga mlango. Haya, kweli kidogo. Nikazamisha kichwa cha risasi sana ndani ya ganda. Fupi! Sasa risasi inayofuata inachungulia kutoka kwenye bomba la risasi chini ya mtutu, kijiko hakipandi. Mke wangu Margaret akauliza, Baba Collins, hiyo bunduki inakula au inatapika?

Jumamosi, 8 Machi
NIMEPATA! Kichwa cha risasi kina mfereji kukizunguka, nimeuona chini ya taa kali. Mdomo wa ganda ukiuma pale pale — inapita laini kama siagi. Avtar alishasema, lakini niliyepata ni mimi. Nimekata kijiti cha kiberiti urefu sawa na risasi hiyo. Kalipa yangu! Nimejaza mpya hamsini. Ndefu situpi. Ziko chini kabisa ndani ya mkebe wa majani ya chai, mpya juu, gazeti katikati.

Jumapili, 16 Machi
Niko klabuni. Raundi ya kwanza: kumi, zote shabahani, hakuna kukwama! Avtar kapiga makofi kuliko wote. Imebaki raundi moja, baada ya chai.
Nimefungua mkebe. Gazeti limechanika. Ndefu na mpya zimechanganyika kama mahindi na maharage! Macho yangu yanaona shabaha kule mbali, mfereji hapa mkononi hayauoni. Miwani sivai. Kijiti — nimekikalia garini. Vipande viwili.
Avtar anakula sambusa. Kalipa inachungulia mfukoni mwake. Haniangalii. Anajua!
Nimeenda. Nikamwambia, bwana, lete hiyo kitu yako nione kama inapima sawasawa. Hakucheka. Kafuta vidole. Tuanze na ipi, Mzee?
Sasa yeye anapima, mimi naandika, watu wadhani tunafanya hesabu ya klabu. Nzuri saba. Tunataka kumi. Douglas anaita majina. Avtar kashika ya nane, anaigeuza, ananitazama; kalamu yangu inangoja neno lake tu —